Mwarobaini, Sipro na Unga wa Manjano

Kila Jumapili, soko la Kibuye hapa Kisumu likiwa limefurika hadi barabarani, kuna bibi mmoja anayetandika gunia lake pembeni mwa wauza mitumba na kupanga juu yake magome, mizizi iliyofungwa kwa kamba za makonge, unga wa mwarobaini uliokunjwa katika vipande vya gazeti, na maji ya shubiri katika chupa zilizokuwa za soda. Humwita Dani, kama inavyopasa kumwita mwanamke wa umri wake, naye huniita nyakwara, mjukuu wangu, ingawa hatuna udugu wowote. Mwendo wa dakika chache kutoka kwake ndipo lilipo duka la dawa ninalofanyia kazi. Kwa muda mrefu nilidhani kwamba wateja wake ni wengine na wangu ni wengine, mpaka nilipoanza kuziona nyuso zilezile: mtu hununua gome la kuchemsha kwa Dani asubuhi, na jioni hupita dukani kuulizia sipro, yaani antibiotiki ya siprofloksasini, za siku mbili, na kwa kila mmoja wetu huficha kwamba ametoka kwa mwenzake.

Kijaluo kina neno yath, ambalo ni mti na papo hapo ni dawa. Nimelitumia tangu utotoni bila kulitafakari, na huenda nisingelitafakari kamwe kama si miaka niliyoitumia kusomea kemia, nikijaribu kuunda katika chupa za kioo vitu ambavyo mimea huvitengeneza majanini kimyakimya. Makala haya yanahusu dawa za namna hiyo, yaani dawa sanisi zilizobuniwa kwa kuiga umbo la kemikali ya mmea, hasa zile za kupambana na bakteria na zile za kutuliza mchochota. Nayaandika kwa sababu nimechoka kusikiliza mabishano juu ya kaunta yangu, huyu akisema miti shamba ni ushirikina, yule akisema vidonge ni sumu ya viwandani isiyojua asili. Wote wawili hawaujui ukoo wa kile wanachokitukana.

Nianze na mguu wa mama. Mwaka juzi alichomwa na kitu chenye ncha akipalilia mpunga huko Ahero, na kwa siku tatu hakumwambia mtu. Mwandishi wa Kirumi Celsus, aliyeishi yapata miaka 2,000 iliyopita, alizitaja dalili nne za mchochota ambazo madaktari huzikariri hata leo: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Kwenye ngozi nyeusi kama ya mama wekundu haujitangazi. Unachokiona ni ngozi iliyonyooka na kung'aa kama iliyopakwa mafuta. Hayo mengine matatu yalikuwepo yote, na nilipouweka mkono juu ya unyayo ule nilihisi kama nimegusa sufuria iliyoepuliwa muda si mrefu.

Ndani ya mguu huo kulikuwa na mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Bakteria walikuwa wakizaana, na mwili wenyewe ulikuwa umewasha moto wa kuwafukuza, ukipanua mishipa midogo ya damu na kumwaga maji na chembe nyeupe mahali pale. Dawa inayoua bakteria haiuzimi moto huo papo hapo, na dawa inayouzima moto haiui bakteria. Tena ukiuzima mapema mno unaweza kuwa umewasaidia wadudu hao bila kujua. Mama alikuwa amefunga majani ya mwarobaini yaliyopondwa. Kaka yangu akaongeza siprofloksasini aliyoinunua katika duka fulani la dawa, si letu, ambako hakuna aliyeuliza kidonda kiko wapi wala kimeanzaje. Baada ya juma moja kidonda kilikuwa palepale, na juu yake mama akawa analalamika maumivu nyuma ya kisigino, kwenye kano. Sipro na ndugu zake wanajulikana kwa kuumiza kano, na tangu mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo hilo liandikwe kwa uzito wa juu kabisa. Hospitalini walichukua usaha kwa pamba, wakauotesha, na siku ya tatu wakatuambia ni stafilokokasi, bakteria wa ngozi ambaye sipro si silaha nzuri dhidi yake. Akapewa flukloksasilini, akapona. Majirani waliulaumu mwarobaini. Sipro haikulaumiwa na mtu.

Nilicheka peke yangu, kwa sababu sipro nayo, ukiifuata nyuma vya kutosha, inakufikisha kwenye gome la mti.

Mwaka 1820, mjini Paris, Pierre-Joseph Pelletier na Joseph Caventou walitenga kwinini kutoka kwenye magome ya mkwinini, mti wa milima ya Andes ambao unga wake ulikuwa umetumika Ulaya kwa homa tangu karne ya 17. Ndani ya molekuli ya kwinini mna pete mbili zilizoshikana ubavu kwa ubavu, moja ikiwa na atomi ya nitrojeni, na kiunzi hicho huitwa kwinolini. Mwaka 1934, nchini Ujerumani, Hans Andersag aliunda klorokwini, ambayo ndani yake kuna kiunzi kilekile. Lazima niseme kwamba Wajerumani hawakuifikia kwa kuitazama kwinini tu. Walipitia pia kwenye rangi za kutia nguo, kwa hiyo ukoo huu ni wa kuungaunga, kama koo nyingi zilivyo. Waliokua hapa Nyanza kabla ya mwaka 1998, Kenya ilipoacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria, wanaikumbuka klorokwini kwa uchungu wake na kwa namna ilivyowasha mwili mzima usiku kucha, hata mtoto akatamani kurudishiwa malaria yake.

Sasa, mwaka 1962, George Lesher na wenzake nchini Marekani walikuwa wakichunguza masalia yaliyopatikana katika utengenezaji wa klorokwini, wakakuta kwamba mojawapo lina tabia ya kuua bakteria. Kutokana nalo ikaundwa asidi ya nalidiksi, dawa dhaifu iliyofaa zaidi maambukizi ya njia ya mkojo. Ingeweza kuishia hapo. Lakini wanakemia waliendelea kukibadilisha kiunzi hicho, wakapachika atomi moja ya florini mahali pamoja na pete nyingine yenye nitrojeni mbili mahali pa jirani, na katika miaka ya 1980 ikatoka siprofloksasini. Tofauti ya nguvu kati ya babu na mjukuu huyo haisemeki. Mtu asiyejua kemia angezitazama picha za molekuli hizo mbili na kuapa kwamba ni kitu kimoja.

Namna sipro inavyoua inapendeza kuielewa. Uzi wa DNA ndani ya bakteria ni mrefu kupita kiasi kwa chumba ulimofungiwa, na kila unapofunguliwa ili unakiliwe hujisokota kama kamba ya mvuvi wa Dunga iliyovutwa vibaya. Bakteria ana kimeng'enya kinachoukata uzi huo, kuupitisha uzi mwingine katika pengo, na kuuunga tena. Sipro hukikamata kimeng'enya hicho katika sekunde mbaya kuliko zote, uzi ukiwa umekatwa na haujaungwa. Bakteria hubaki na DNA iliyokatikakatika.

Ukoo huo una tawi jingine, na ndilo linaloingia kwenye mchochota. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia askari wengi walipewa mepakrini, jamaa wa klorokwini, kwa ajili ya malaria, na baadhi yao waliokuwa na vipele vya muda mrefu au maumivu ya viungo wakaona nafuu ambayo hawakuitarajia. Mwaka 1951 daktari wa Uingereza aitwaye Page aliandika juu ya wagonjwa wa lupasi, ugonjwa ambamo mwili hujishambulia wenyewe, waliotulia kwa mepakrini. Baadaye ikaja haidroksiklorokwini, iliyo laini zaidi mwilini, nayo hadi leo ni dawa ya msingi ya lupasi na mojawapo ya dawa za baridi yabisi, ingawa anayeitumia miaka mingi hupaswa kupimwa macho. Kuna mwalimu mmoja anayeichukua kwetu kila mwezi. Mwaka 2020, uvumi ulipoenea kwamba ni tiba ya korona, zilinunuliwa na watu wasioumwa chochote, na yeye akakaa majuma kadhaa na viungo vilivyokaza hata hakuweza kushika chaki. Gome moja, basi, limeacha kizazi kinachoua bakteria na kizazi kinachotuliza mwili unaojishambulia wenyewe, na hakuna aliyewahi kuvitibu vyote viwili kwa kuchemsha gome hilo.

Hapo ndipo swali la Dani linapoingia. Aliniuliza siku moja, bila hasira: kama dawa iko ndani ya mti, kwa nini msiunywe mti?

Jibu la kwanza ni la kipimo. Antibiotiki nzuri humzuia bakteria kukua ikiwa mikrogramu moja au pungufu katika mililita moja ya maji. Dondoo za mimea, tunazozisoma katika majarida zikisifiwa kwamba zinaua bakteria, mara nyingi huhitaji miligramu kadhaa katika mililita hiyohiyo, yaani maelfu ya mara zaidi, na kwa kiasi hicho hata vitu visivyo dawa huanza kujidai. Huwezi kukifikisha kiasi hicho katika damu ya mtu kwa kikombe cha chai ya gome bila kumdhuru kwanza. Jibu la pili ni kwamba mmea haukuwa ukimfikiria mama yangu. Ulitengeneza kemikali zake kwa vita vyake wenyewe, dhidi ya kuvu, viwavi, na bakteria wanaoozesha mizizi, na katika vita hivyo hauhitaji dawa inayopita tumboni, inayoyeyuka katika damu na isiyoharibu ini.

Jibu la tatu ndilo ninalolipenda, na lilinichukua muda kulielewa. Kuna kemikali ya manjano iitwayo berberini, inayopatikana katika vichaka vya miiba vya jamii ya Berberis, ambavyo jamaa yao mmoja humea hata katika nyanda za juu za Kenya. Berberini inao uwezo wa kumdhuru stafilokokasi, lakini ukiipima peke yake unakata tamaa, kwa kuwa bakteria huyo ana pampu katika utando wake, iitwayo NorA, inayoitema nje kadiri inavyoingia. Mtu angejiuliza mmea umejisumbua kutengeneza silaha butu ya nini. Mwaka 2000 Frank Stermitz, Kim Lewis na wenzao wa Marekani walionyesha kwamba majani ya mmea huohuo yana kitu cha pili, ambacho chenyewe hakiui bakteria hata kidogo, lakini kinaiziba ile pampu. Vikikutana, berberini hujaa ndani ya bakteria, naye hufa. Aliyekuwa akitenga kemikali moja moja na kuipima kivyake, kama tulivyofundishwa sote, asingekiona kitu hicho cha pili, maana kwenye orodha yake kingeandikwa hakifanyi kazi.

Kisha ikafuata hatua inayonisisimua. Kundi la Lewis lilishirikiana na John Bremner wa Wollongong, Australia, wakaishika berberini kwa upande mmoja na kizibo cha pampu, cha kuundwa maabara, kwa upande mwingine, wakaviunganisha kuwa molekuli moja ambayo haipo katika mmea wowote duniani. Mwaka 2006 walieleza kwamba kiumbe hicho cha mseto kilipenya bakteria na kukaa humo, na kikawaokoa minyoo wadogo wa maabara walioambukizwa bakteria wa matumbo. Minyoo si watu, na njia kutoka mnyoo hadi kaunta yangu ni ndefu. Hata hivyo, kila ninapoulizwa maana ya dawa iliyoiga mmea, mfano huu ndio hunijia kwanza: walichokopa ni ule ujanja wa kupigana wawili wawili, ambao huwezi kuuchemsha.

Nilimpelekea Dani habari hii nikiwa na furaha ya mwanafunzi, maana yeye pia huuza mizizi miwili pamoja na hakubali kumuuzia mtu mmoja bila mwenziwe. Nikamuuliza kwa nini. Nilitarajia hekima ya mababu kuhusu kufunguliana milango. Akaniambia ni kwa sababu mama yake alikuwa akiiuza hivyo, na kwamba mmoja hauozi upesi.

Mimi mwenyewe niliwahi kushika upande wa uundaji. Katika shahada yangu ya pili nilipewa kazi ya kuunda kalkoni, kemikali za manjano ambazo kiunzi chao kimo katika mimea mingi, ikiwemo urukususu, ambao mzizi wake una likokalkoni, inayojulikana kumkabili stafilokokasi. Kuziunda si kazi ngumu, na ndiyo sababu hupewa wanafunzi. Unayeyusha aldehaidi na asetofenoni katika alkoholi, maabara nzima ikinuka lozi, kisha unadondosha magadi makali, tone kwa tone, huku kijiti cha sumaku kikizunguka chini ya chupa. Kwa dakika kadhaa hakuna kinachotokea. Halafu maji yanageuka manjano, yanakuwa mazito kama uji wa wimbi uliokosa wimbi, na ghafla kijiti kinagoma kuzunguka kwa sababu kila kitu kimeganda. Unaosha kwa maji ya barafu, unachuja, unayeyusha tena katika alkoholi moto na kuacha ipoe taratibu, na kesho yake asubuhi unakuta fuwele nyembamba kama sindano, rangi ya binzari. Sijawahi kuona kitu kizuri kama hicho nilichokitengeneza kwa mikono yangu, na nina watoto wawili.

Niliunda kumi na mbili, kila moja nikiwa nimeibadilisha kidogo: hapa klorini, pale oksijeni, pale mkia wenye nitrojeni. Upimaji hufanywa katika kisahani cha plastiki chenye vishimo 96, kila kishimo kikiwa na supu ya bakteria na dawa ya kiwango tofauti, kisha unatia rangi ya buluu iitwayo resazurini. Bakteria walio hai huigeuza waridi. Kishimo kinachobaki buluu ndicho unachokiombea. Kisahani changu cha kwanza cha E. coli, bakteria wa matumbo, kilitoka buluu tupu, kuanzia ukingo hadi ukingo. Nilimpigia mama simu. Nilimpigia msimamizi wangu pia, na nashukuru kwamba hakupokea. Ilikuwa siku ya tatu nilipotazama vizuri safu ya mwisho, ile ambayo haikutiwa dawa yoyote na ambayo ilipaswa kuwa waridi, nikaona nayo ni buluu. Umeme ulikuwa umepotea mwishoni mwa juma, jenereta ya jengo haikuwa na mafuta, na bakteria wangu walikuwa wamekaa kwenye baridi bila kukua. Hakuna dawa iliyokuwa imemuua yeyote.

Niliporudia, kumi kati ya zile kumi na mbili hazikuwa na maana. Mbili zilimzuia stafilokokasi kwa mikrogramu 32 katika mililita moja, ambapo sipro, katika kisahani hichohicho, haikuhitaji hata moja. Kwa E. coli zote zilinyamaza, na sasa najua sababu: bakteria wa kundi lake wana utando wa pili wa nje, na nyuma ya utando huo kuna pampu zinazotema kama NorA au kuipita. Kisha nikazitia zile mbili katika damu ya kondoo iliyooshwa. Moja, ile yenye mkia wa nitrojeni, iliyageuza maji kuwa mekundu safi kama sharubati ya rosela, maana yake ilikuwa imepasua chembe za damu. Mkia uliosaidia kupenya utando wa bakteria haukujua kutofautisha utando na utando. Ile ya mwisho iliyobaki imo katika tasnifu yangu, ukurasa ambao nadhani umesomwa na watu watatu.

Jambo hili la kutotofautisha ndilo moyo wa shida yote. Kalkoni ina mahali fulani katika mwili wake panaponasa salfa iliyo kwenye protini. Kwa unasaji huohuo inaweza kukishika kidhibiti ndani ya chembe zetu na kuamsha ulinzi unaopunguza mchochota, na kwa unasaji huohuo inaweza kushika protini isiyopaswa kuguswa. Muthiga, gome kali ambalo wenzetu wa Bonde la Ufa huliita soget na kulitafuna kwa kikohozi na jino, lina silaha ya namna hiyo. Liume tu ulimi wako ujue. Koji Nakanishi, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, aliyekuwa pia akiongoza utafiti katika taasisi ya wadudu ya icipe, Nairobi, pamoja na Isao Kubo na wenzao, walieleza mwaka 1976 kemikali zake kali, mojawapo wakiiita warburganali, baada ya kuona kwamba kiwavijeshi hukataa kula jani lililopakwa. Molekuli hizo zina mikono miwili ya aldehaidi inayokamata protini yoyote iliyo karibu. Zinaua kuvu vizuri sana. Hakuna aliyezigeuza kuwa kidonge, na mtu aliyewahi kulitafuna gome hilo hatauliza kwa nini.

Lakini mahali pengine unasaji umefugwa. Asidi ya fumariki ilipata jina lake kutoka kwa mmea wa Ulaya, Fumaria. Umbo lake lililorekebishwa, dimetili fumarati, liliidhinishwa Marekani mwaka 2013 kwa ugonjwa wa neva ambamo mwili hujishambulia. Kutokana na asidi ya oleanoliki, iliyomo katika majani ya mzeituni na mimea mingine mingi, wanakemia waliunda bardoksoloni, dawa ya mchochota iliyotarajiwa kuokoa mafigo ya wenye kisukari. Jaribio lake kubwa lilisimamishwa mwaka 2012 kwa sababu wagonjwa waliokuwa wakiitumia walipata matatizo ya moyo zaidi ya wenzao. Ndugu yake, omaveloksoloni, iliidhinishwa mwaka 2023 kwa ugonjwa mwingine wa neva, ulio adimu. Mzazi mmoja, watoto wawili, na tofauti kati yao haikujulikana hadi wagonjwa wenyewe walipozimeza.

Kwa kurukia tu: wanaonitumia kwenye WhatsApp habari za binzari kutibu kila uvimbe, nawaomba wajue kwamba mwaka 2017 jarida la kemia ya dawa lilichapisha uchambuzi mrefu kuhusu kurkumini, kemikali ya manjano iliyomo katika binzari, ukionyesha kwamba inavunjika upesi, hainyonywi tumboni, inang'aa yenyewe na hivyo kudanganya mashine zinazopima kwa mwanga, na hung'ang'ania protini nyingi bila kuchagua. Binzari ni kiungo kizuri cha pilau.

Mtu ninayemkumbuka zaidi katika historia hii ni Roger Altounyan, daktari aliyezaliwa Syria na kufanya kazi Uingereza, ambaye alikuwa na pumu. Kule Misri na nchi za jirani kulikuwa na mmea, Ammi visnaga, ambao watu waliunywa tangu zamani kwa maumivu ya mafigo, na kemikali yake iitwayo kelini ilijulikana kulegeza misuli. Altounyan na wanakemia wa kiwanda alichofanyia kazi walianza kuibadilisha. Kila walipopata umbo jipya, alilivuta kwanza, kisha akavuta dondoo la nywele za simbilisi, ambalo alijua litamletea shambulio la pumu, akapima kifua chake kilivyobana. Alifanya hivyo kwa miaka, kwa mamia ya kemikali. Mwaka 1965 ikapatikana kromoglikati, na ajabu yake ni kwamba haikulegeza misuli kama mzazi wake; ilizuia chembe za mwili zisimwage kemikali zinazoanzisha mchochota. Yaani walianza na mmea, wakautii muda fulani, kisha wakafika mahali ambapo mmea haukuwa umeelekea.

Ninapomwona Dani akilamba kila unga mpya kabla ya kuuza, akifumba macho na kutafuna hewa, humfikiria Altounyan na simbilisi wake. Siku moja nilimwonyesha kichupa cha zile fuwele zangu za manjano, ambacho nimebaki nacho kama kumbukumbu, naye akanyoosha kidole ili aonje. Nilikinyakua kwa haraka iliyomuudhi. "Nyakwara," akaniambia, "unatengeneza dawa usiyoweza kuilamba?" Nikamweleza habari za damu ya kondoo. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza kondoo aliuzwa bei gani.

Kuna kitu kimoja kimebadilika dukani. Zamani mteja akitaja sipro nilimuuliza ana cheti cha daktari, akasema amekisahau nyumbani, tukaishia kubishana. Mwaka 2019 pekee, kwa makadirio yaliyochapishwa katika jarida la tiba la Lancet, usugu wa bakteria kwa dawa uliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani, na sipro za siku mbili ni mojawapo ya njia za kuufuga usugu huo. Bado siuzi za siku mbili. Lakini kabla ya lolote sasa nauliza, kwa Kijaluo na kwa sauti ya kawaida, umeshatumia yath gani, na kwa muda gani, na naandika jibu katika daftari. Mwanzoni waliniangalia kama nimewategea mtego. Jumapili iliyopita alikuja kijana wa bodaboda mwenye jipu kwenye paja, akaulizia sipro, nami nikamuuliza swali langu. Alisita, akacheka, akaingiza mkono katika koti na kutoa kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne, akakiweka juu ya kaunta. Nikakivuta karibu, nikakifungua kwanza.